Dobi Anaulizwa Alifunga Lini

Kila asubuhi, kabla kinyozi wa jirani hajawasha redio yake, Dobi alikuwa ameshapiga pasi gauni moja jeupe la muuguzi. Gauni lenyewe halikuwa na mkunjo hata mmoja. Lilipigwa jana, na juzi, na siku zote za miezi iliyopita. Alilitandaza mezani, akalinyunyizia maji kwa vidole, akapitisha pasi mgongoni, mikononi, kifuani, na alipofika kwenye kola alipunguza mwendo na kuzunguka, kwa sababu ndani ya kola palikuwa na sindano imechomekwa, na uzi mwekundu unaning'inia. Kisha akalirudisha kwenye bomba la chuma lililopita toka ukuta huu hadi ule, kati ya nguo nyingine thelathini, akakaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siku.

Jina lake halisi lilikuwepo, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Dobi, na mkewe walimwita Mama Povu. Mwulize yeyote wa mtaa ule, atakuelekeza kwa Mama Povu. Ukiuliza kwa Dobi, atafikiri kwanza. Ni kwa sababu ya jinsi chumba chao kilivyokaa. Kulikuwa na dirisha pana lililotazama barabara, lina kibao cha mbao kinachoinuliwa na kuegemezwa kwa kijiti. Pale ndipo Mama Povu aliposimama miaka kumi na tisa, akipokea nguo, akitania watu, akiwaambia njoo Ijumaa. Mlango ulikuwa ubavuni, kwenye kichochoro, ukitazamana na mlango wa kinyozi. Dobi aliingia kwa mlango, akasimama kwenye meza yake, mgongo umeelekea dirishani. Alijua kola za mtaa mzima. Nyuso zake hakuzijua.

Na hawakuandika majina. Mama Povu alikuwa na mtindo wake: kila mteja alishonewa alama ya uzi ndani ya kola au kiunoni. Mishono miwili myekundu na mmoja wa bluu, huyo mwalimu. Mitatu ya njano, huyo mwenye duka la dawa. "Karatasi hulowa," alikuwa akisema. "Uzi haulowi ukafutika." Alama za mtaa mzima alikuwa nazo kichwani, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa mtu shati la mtu.

Ugonjwa ulipofika, baraza la mji likatoa amri maduka yafungwe. Ofisi zikafungwa, shule zikafungwa, na nani avae shati la kunyooshwa akakae sebuleni? Lakini wauguzi waliendelea kwenda kazini, na wauguzi wanavaa nyeupe. Wakaruhusiwa wenye kuwafulia waendelee. Mama Povu akafunga barakoa, akainua kibao cha dirisha nusu, akapokea magauni kwa kijiti kama mtu anayetoa nyoka kabatini. Watu walicheka, naye akacheka ndani ya barakoa.

Jumatano moja alikuwa amekaa kwenye kigoda, anarudishia alama iliyofumuka kwenye kola ya gauni wakati wa kukamua. Akapiga mshono mmoja. Akakohoa. Akachomeka sindano pale pale kwenye kola, akasema, "Ngoja ninywe maji." Alhamisi walimpeleka hospitali. Jumapili wakapigiwa simu.

Mazishi yalikuwa ya watu sita, wamesimama mbali mbali kama nguzo. Jumatatu Dobi alifungua mlango, akawasha pasi. Kinyozi alipopita kumpa pole alimkuta anapiga gauni lile jeupe, macho makavu, mkono unakwenda na kurudi. Akampa pole tena keshokutwa yake, kwa kuwa alihisi ile ya kwanza haikusikika.

*

Baraza la mji lilipotangaza ruzuku ya biashara ndogo zilizoumizwa na janga, kinyozi alipata katika awamu ya kwanza, na hakuacha kuusimulia mkasa wenyewe.

"Walimtuma kijana wa ukaguzi," alisema. "Akaingia, akajitazama kwenye kioo changu, akajigeuza upande huu, akajigeuza upande ule, akaandika: duka lipo. Kumbe nilichohitaji maishani ni kioo tu!"

Dobi alikataliwa. Barua ilisema mwombaji na mwenye leseni si mtu mmoja. Ni kweli. Leseni ilikuwa kwa jina la mkewe, kwa sababu siku ya kuikata Dobi alikuwa na pasi ya moto mkononi, na pasi ya moto haiachwi. Aliikunja barua mara nne, akaipiga pasi ikalala vizuri, akaiweka kwenye droo.

Binti yao, aliyeolewa mji wa pili, alipiga simu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Dobi akanyoosha pindo la gauni mezani.

"Baba, nisikilize. Wametangaza awamu ya pili. Safari hii wamepanua. Wajane, wagane na warithi wa mwenye leseni wanaruhusiwa. Hata wanaofanyia kazi chumba kimoja. Nenda. Na nikuambie kabisa, ikikataliwa na hii, nakuja na gari, turudishe chumba kwa mwenyewe, uje ukae na wajukuu zako. Siwezi kukuacha huko unapiga pasi gauni moja."

"Nani amekuambia gauni moja?"

"Kinyozi."

Dobi aligeuka akautazama mlango wa kinyozi. Kinyozi alikuwa anasafisha mashine yake kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kuhamia kwa binti hakukuwa kubaya. Nyumba ilikuwa nzuri, mkwe alikuwa mtu wa heshima, wajukuu walimpenda. Lakini Dobi alipojaribu kujiona amekaa kwenye kochi lile, hakuona kitu. Hakuona huzuni wala furaha. Aliona kochi tu. Kile chumba cha kufulia, chenye harufu ya sabuni ya mche na mvuke, ndicho pekee ambamo mikono yake ilijua la kufanya. Basi akachukua fomu, akaijaza kwa mwandiko wa pole pole, na siku ya Jumanne akaipeleka.

*

Ofisi ya ruzuku ilikuwa na mistari ya chaki sakafuni, kila mtu asimame kwenye wake. Karani alikuwa msichana wa umri wa binti yake, barakoa yenye maua, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akasoma fomu ukurasa hadi ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akasimama.

"Baba, hapa hujajaza."

"Wapi?"

"Namba kumi na moja. Biashara ilifungwa lini."

"Haikufungwa, mwanangu."

"Haikufungwa?"

"Nafungua kila siku. Saa kumi na mbili na nusu."

Karani akaitoa kalamu kichwani. "Na wateja?"

"Hawaji."

"Toka lini hawaji?"

Dobi akaangalia mstari wa chaki. Ulikuwa umefutika kidogo pale alipokanyaga. "Wameacha tu," akasema.

"Baba yangu," karani akasema, na sauti yake ikashuka, "nataka kukusaidia. Awamu ya kwanza tuliwakataa watu wengi mpaka nikawa naona aibu kusalimiwa sokoni. Sasa wamelegeza. Mgane, ndiyo. Chumba kimoja, ndiyo. Lakini walipolegeza huku, wamekaza hapa, maana wamejitokeza watu ambao biashara zao zimezaliwa siku ya tangazo. Nahitaji tarehe, iwe ndani ya miezi ya amri. Na nahitaji mteja wako wa mwisho wa miezi hiyo aandike kwamba alileta kazi siku fulani, atie saini. Mwisho Ijumaa saa nane."

"Mteja wa mwisho."

"Ndiyo. Ni nani?"

"Simjui."

Karani akamtazama. Nyuma kwenye foleni mtu akasema, "Mzee, andika tarehe yoyote, sisi tuna watoto nyumbani!" Dobi akakusanya karatasi zake, akashukuru, akatoka.

Kinyozi alikuwa na maoni kama ya yule wa foleni. "Andika tarehe aliyofariki shemeji. Au andika yoyote. Tarehe ni tarehe, haitoki damu."

"Siku ile sikufunga."

"Dobi, kaka yangu, wewe ni mgumu kuliko mkaa mbichi. Serikali inakupa, wewe unabishana nayo kuhusu kalenda!"

"Nilifungua. Uliniona."

"Nilikuona," kinyozi akakubali. Akakaa kwenye kigoda cha Mama Povu, kisha akakumbuka ni cha nani, akasimama. "Basi mtafute huyo mteja. Gauni lile si la muuguzi? Mwenyewe si ndiye wa mwisho?"

Dobi akaonyesha ndani ya kola. Mshono mmoja mwekundu, sindano, uzi. Alama haikumalizika. Inaweza kuwa ya yeyote.

Kinyozi akalitazama bomba lile la chuma kwa muda mrefu. "Umezificha nguo za watu humu gizani, halafu unasema hawaji. Kesho tunazitoa nje. Zikae barabarani, zijitafutie wenyewe."

*

Jumatano walifunga kamba kutoka kwenye mwavuli wa kinyozi, uliosimama kwenye kona ya kichochoro, hadi kwenye nguzo ya umeme, mbele ya lile dirisha, wakazitundika zote thelathini na moja. Zilionekana kama kwaya inayongoja kuambiwa iimbe. Watu walipita, wakapunguza mwendo.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, akatambua mashati yake matatu kutoka ng'ambo ya barabara. "Jamani! Nilipita mara mbili nikaona hamna mtu, nikajua mmehama."

"Hajahama mtu," kinyozi akasema. "Mwalimu, ulileta lini hizi?"

"Wiki mbili kabla shule hazijafungwa."

Kinyozi akapiga ulimi. Hiyo ilikuwa kabla ya amri. Haikufaa.

Walikuja wengine. Mwenye duka la dawa alichukua suruali, akagundua haimtoshi tena, akaichukua hivyo hivyo. Kijana mmoja alidai koti ambalo halikuwa lake, kinyozi akamwambia alivae, mikono ikamezwa mpaka ncha za vidole, watu wakacheka, kijana naye akacheka akaenda zake. Dobi aliwahudumia wote sawasawa, macho kwenye nguo, bila kuinua uso. Alikunja, akafunga, akasema karibu tena. Pole walizompa alizipokea kama mtu anayepokea chenji.

Alasiri mama mmoja mwembamba alisimama mbele ya suti ya kijivu. Akaigusa mkono wake.

"Hii ni ya mzee wangu."

"Hajambo?" Dobi akauliza, kwa mazoea.

"Hatunaye."

Gari likapita, suti ikacheza na upepo wake, ikatulia.

"Nikukunjie au uchukue hivi ilivyo?" Dobi akauliza.

"Nikunjie."

Akaikunja kama anavyokunja suti ya msafiri, karatasi katikati ya mabega isije ikajikunja njiani. Yule mama alitazama mikono yake ikifanya kazi hadi mwisho, akaipakata, akaondoka. Kinyozi aliingia dukani kwake akajifanya anatafuta kitu.

Ilipofika Alhamisi mchana, kamba ilibaki na gauni moja.

*

Muuguzi alikuja akiwa ametoka zamu, viatu vya mpira miguuni, mfuko wa nailoni mkononi. Alisimama mbali, ukingoni mwa barabara, kama bado kuna mistari ya chaki. Kinyozi ndiye aliyemwona.

"Dada, hilo gauni linakuangalia sana. Ni lako?"

"Kuna sehemu chini ya mfuko, nilidondosha iodini," muuguzi akasema. "Doa dogo la kahawia."

Dobi akaligeuza. Doa analijua. Alilipitia kwa pasi kila asubuhi. "Lipo," akasema.

Muuguzi hakusogea. "Nimekuwa napitia barabara ya nyuma," akasema. "Miezi yote hii. Niliposikia kuhusu mama. Nilikuwa naleta nguo za wodini, baba. Nilijua zinatoka wapi. Nikawa najiuliza kama..." Akakata.

Dobi alielewa amekata wapi. Alitafuta ndani yake kitu cha kujibu, na alichokikuta ni jambo la kazi tu.

"Alichemsha," akasema.

"Nini?"

"Kabla ya kugusa. Alimwaga mfuko kwenye pipa la maji yanayochemka, kwa kijiti. Kila kitu. Alichemsha hadi soksi zangu, na mimi sikuwa nimetoka nje. Soksi zikarudi za mtoto."

Muuguzi akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Akajifuta kwa mkono wa koti. Kisha akasogea.

Kinyozi, ambaye hakuweza kungoja zaidi, akaeleza habari ya ruzuku, saini na tarehe. Muuguzi hakuhitaji kufikiri. "Nilileta Jumanne, tarehe kumi na tisa. Mama akaniambia njoo Ijumaa. Ijumaa nikaja, nikakuta mmefunga."

"Hatukufunga," Dobi akasema.

"Mlifunga, baba. Nilibisha mara tatu."

"Nilikuwa ndani."

"Najua ulikuwa ndani. Nilisikia pasi. Inapowekwa kwenye chuma chake, inalia *ting*. Nikasikia *ting*, nikabisha, nikasikia *ting* tena. Nikajua labda hamtaki watu."

"Ulibisha wapi?"

Muuguzi akashangaa. Akanyoosha kidole. "Si hapo? Dirishani."

Wote watatu wakalitazama dirisha. Kibao kilikuwa chini. Vumbi limekaa kwenye ukingo wake, unene wa kucha, na buibui ameunganisha pembe na ukuta. Kijiti cha kukiegemeza kilikuwa kimelala pale pale kilipowekwa. Miezi yote Dobi alifungua mlango wa kichochoroni saa kumi na mbili na nusu, akakaa akingoja watu. Na watu, ambao kwa miaka kumi na tisa hawakuujua mlango ule, walikuja barabarani, wakaona kibao kiko chini, wakaenda zao.

"Mungu wangu," kinyozi akasema polepole. "Na mimi niko upande wa mlango. Mimi naona kumefunguliwa."

Dobi akapitisha kidole kwenye lile vumbi. Alikumbuka ile Ijumaa, au alikumbuka vipande: simu mfukoni, mkewe hospitalini, pasi. Kubisha hakukukumbuka. Labda alisikia. Labda alisikia akangoja Mama Povu aende kuitikia, kama siku zote, maana dirisha halikuwa lake.

"Ijumaa," akasema. "Tarehe ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili," muuguzi akasema, akatoa kalamu yake ya kazini.

Alipomaliza kutia saini, Dobi aliliteremsha gauni. Akaushika ule uzi. "Alama yako ilikuwa ipi? Mishono mingapi?"

"Sikuwahi kuangalia, baba. Mama ndiye aliyejua."

Basi Dobi, ambaye hakuwahi kushona hata kifungo, akapitisha sindano upande wa pili wa mshono uleule mmoja, akafunga fundo baya, akakata uzi kwa meno. Akalikunja gauni, akampa. Muuguzi akampa ule mfuko wa nailoni.

"Yapo mawili," akasema. "Nije lini?"

Dobi akaupima mfuko kwa mkono. "Njoo Ijumaa," akasema. "Si hii. Ijayo."

*

Ijumaa asubuhi alipanda kwenye kigoda, akafuta buibui kwa kitambaa, akainua kile kibao. Bawaba zililia. Mwanga ukaingia mpaka kwenye meza, mahali ambapo haukuwa umefika kwa miezi, akaona kitambaa cha meza kimeungua pembeni na hakujua ni lini kiliungua.

Saa nne alikuwa kwenye mstari wa chaki. Karani akasoma namba kumi na moja, akasoma barua ya muuguzi, akagonga muhuri.

"Imebaki kumi na mbili, baba. Kama biashara imefunguliwa tena, tarehe gani? Kama haijafunguliwa, tunaacha wazi, si tatizo."

"Leo," Dobi akasema.

Karani akainua macho, akaandika.

Hakulia alipotoka, wala hakufurahi. Alinunua mche wa sabuni.

Jibu lilikuja wiki ya tano, kwa ujumbe wa simu, wakati Dobi amechutama mbele ya beseni, povu limempanda hadi viwikoni. Kufua kulikuwa kunamshinda. Alikuwa akimwaga sabuni nyingi mno, povu linatambaa hadi kichochoroni, na kinyozi alishaanza kumwita Baba Povu. Kinyozi huyo huyo ndiye aliyechukua simu kwenye ukingo wa dirisha, akasoma, akasoma tena kwa sauti.

"Wamekubali! Dobi! Wamekubali, pesa zinaingia Jumatatu!"

"Iweke hapo," Dobi akasema. "Isilowe."

"Ndiyo basi? Isilowe?"

"Mpigie binti yangu umwambie asije na gari."

Kinyozi akatoka nje kupiga simu, akipiga kelele kana kwamba ruzuku ni yake. Dobi akaendelea kusuuza. Maji yalikuwa baridi, na aliyahisi mpaka kwenye mifupa ya vidole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuhisi baridi ya kitu, akaiacha mikono humo zaidi ya ilivyohitajika.

Mtu akagonga kwenye mbao za dirisha. Akanyanyuka, akajifuta mikono, akaenda. Mtu yule alinyoosha shati. Dobi akalipokea, akageuza kola kwanza, akaona mishono miwili myekundu na mmoja wa bluu. Ndipo akainua macho kumtazama mwenyewe.

"Mwalimu," akasema. "Kumbe una kipara."